Dawa ya Utumbo na Mfuko wa Mzazi

Mwaka jana, baada ya sala ya isha, alitujia mzazi wa mwanafunzi wetu mmoja wa zamani, kashika karatasi ya daktari iliyokunjwa mara nne. Bintiye, mwenye miaka 19, alikuwa na maradhi ya vidonda vya utumbo mpana. "Maalim," alituambia, "dawa ya mwezi mmoja yapita mshahara wangu. Nanunua ya siku kumi, naye humeza leo akaacha kesho na keshokutwa." Tukamwuliza kama daktari ayajua hayo. Akainamisha kichwa. Hakumwambia, kwa kuona haya.

Haukupita mwezi, damu ikarudi chooni, na binti akalazwa.

Twayaandika haya kwa kuwa twajua si nyumba moja yenye siri kama hiyo. Maradhi haya, pamoja na ndugu yake aitwaye Crohn, si amiba wala minyoo, na wala si uchawi, ijapokuwa yapasa mgonjwa apimwe kwanza ili amiba na kifua kikuu cha tumbo visidhaniwe kuwa ndiyo haya. Kinga ya mwili wenyewe ndiyo iushambuliayo utumbo, ukavimba na kutoka damu. Dawa zake ni za kutuliza, nazo hutumiwa miaka. Ndiyo sababu bei yake huumiza kuliko bei ya dawa ya homa.

Basi tulifuatana na mzee yule mpaka kwa daktari, na tuliyoyasikia yalitustaajabisha. Dawa ya ghali aliyoandikiwa binti ni mesalazini. Na mesalazini, ndugu zetu, ni kipande cha dawa ya zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1930, tabibu mwanamke wa Uswidi, Nanna Svartz, akitafuta dawa ya baridi yabisi, alipata sulfasalazini. Ni vitu viwili vilivyofungwa pamoja, kimoja cha jamii ya salfa na kingine cha jamii ya aspirini. Wagonjwa wa utumbo wakapata nafuu kwayo, ila kwa miaka mingi haikujulikana ni kipi katika viwili hivyo kinachotibu. Mwaka 1977, huko Oxford, daktari wa Bangladesh aitwaye Azad Khan, pamoja na Truelove na mwenzao, waliwatilia wagonjwa kila kipande peke yake kwa njia ya haja kubwa. Ikadhihirika kuwa kitibucho ni kile cha jamii ya aspirini. Salfa ni mpagazi tu: huuchukua mzigo hadi utumbo mpana, na huko vijidudu wakaao humo huufungua. Dawa mpya ni mzigo ule ule bila ya mpagazi.

Mpagazi naye ana ila zake. Huleta maumivu ya kichwa na kichefuchefu, hupunguza mbegu za mwanamume mpaka dawa iachwe, na hupunguza foliki asidi mwilini, ambayo ni vidonge rahisi vya kununua. Mwenye kudhurika na dawa za salfa asiiguse. Damu hupimwa mara kwa mara, hasa miezi ya mwanzo. Na watu wa pwani waangalie zaidi, kwani wengine wetu tumezaliwa na upungufu wa G6PD, na chembe za damu zao zaweza kuvunjika. Lakini kwa mgonjwa wa vidonda vya utumbo mpana aiwezaye, nguvu yake yakaribiana na ile ya ghali, na Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha ya dawa za lazima. Kwa Crohn wa utumbo mwembamba haifai. Huko daktari huenda akataja azathioprini, nayo imo katika orodha hiyo. Hata sindano ya infliksimabu, ambayo bei yake yatisha, tangu 2013 imepata wenziwe wa bei nafuu walioruhusiwa Ulaya.

Iko dawa moja ambayo urahisi wake ndio mtego: prednisoloni. Hutuliza upesi, na watu huinunua dukani mwaka hata mwaka. Huilegeza mifupa, huleta sukari, huharibu macho; na aliyeizoea akiiacha ghafula yu hatarini. Ama habasoda na asali, nani atawakataza? Kuleni, bali msiviweke mahali pa dawa.

Yule daktari hakukasirika alipoambiwa habari ya fedha. Alisema laiti angaliambiwa siku ya kwanza. Akabadilisha dawa kwa kuanzia kipimo kidogo, akakipandisha polepole, na akamwonya binti asivivunje vidonge. Wiki mbili kichwa kilimsumbua, kisha kikatulia. Kelele ilitokea siku moja tu, alipouona mkojo wake umekuwa rangi ya chungwa. Daktari alikuwa amewaeleza kuwa si kitu. Ila babake alisahau kumwambia mamake.