Nasaba ya Viumbe wa Maji ya Moto

Watu wa Mwankoko, katika Manispaa ya Singida, wamezoea kuishi jirani na maziwa ya chumvi ya Singidani na Kindai, hivyo si ajabu kwao kusikia kwamba yako maji yamfukuzayo kiumbe mmoja na kumkaribisha mwingine. Lakini ni wachache wajuao ya kuwa magharibi, chini ya Ziwa Tanganyika, penye Rasi ya Banza na mahali paitwapo Pemba upande wa Kongo (wala si kisiwa chetu cha Pemba), zimo chemchemi za moto zitokazo katika nyufa za Bonde la Ufa, ambazo mwanajiolojia Jean-Jacques Tiercelin na wenzake walieleza habari zake mwaka 1993, na kwamba pale Banza maji ya nyuzi 66 hadi 103 za Selsiasi hutoka katika dohani ndogo nyeupe za chokaa.

Humo, kama katika chemchemi za bahari kuu zilizogunduliwa karibu na visiwa vya Galápagos mwaka 1977, huishi bakteria wapendao joto. Baadhi ya waliotolewa Tanganyika na kukuzwa maabara wana umbo la fimbo, huunda spora ngumu wakati wa dhiki, na huzaana kwa kasi ya ajabu.

Je, waitweje? Kupenda joto ni tabia, si ukoo, na hadubini peke yake haimfai mwainishaji, kwa kuwa maelfu ya viumbe hawa huonekana fimbo tupu au nukta tupu. Ndipo wanabiolojia Carl Woese na George Fox, mwaka huo huo wa 1977, walipolinganisha RNA ya ribosomu, ambayo kila kiumbe hai anayo na ambayo hubadilika taratibu mno kizazi kwa kizazi, wakabainisha kuwa baadhi ya waliodhaniwa bakteria ni tawi jingine kabisa la uhai, yaani akea.

Kwa hiyo jina hufuata nasaba, na nasaba ikidhihirika zaidi jina huhama. Akea aliyetolewa Bahari ya Pasifiki, katika kina cha mita 2,600, astawiye kwenye nyuzi 85 hivi, aliitwa Methanococcus jannaschii mwaka 1983 kwa heshima ya mwanabiolojia Holger Jannasch; leo ni Methanocaldococcus jannaschii. Na mkazi wa Ziwa Magadi la Kenya, ambaye hupenda chumvi na magadi badala ya moto, alikuwa Natronobacterium magadii mwaka 1984, akahamishiwa Natrialba mwaka 1997. Jenasi imebadilika, bali heshima ya Jannasch na ya Magadi imebaki katika jina la pili.

Kanuni za kimataifa za kuwapa viumbe hawa majina hazitosheki na maelezo yaliyochapishwa: sharti kiumbe mwenyewe, akiwa hai, awekwe amana katika hifadhi mbili za nchi mbili tofauti, ili kila mwenye shaka amwombe na kumpima upya. Naiona hii kuwa sheria adilifu kuliko zote za fani hii, na ndiyo sababu natamani kwa dhati kwamba moja ya hifadhi hizo iwe kwetu, ili mwanafunzi wa Singida atakaye kumchunguza mzaliwa wa Magadi asilazimike kuandika barua hadi hifadhi ya Braunschweig, Ujerumani.