Roketi ya Ngomeni iliundwa kwa vipande vya kuazima

WAGENI wanaofika Marafa, Kaunti ya Kilifi, huja kulitazama bonde la Nyari, jina ambalo kwa Kigiriama humaanisha mahali palipovunjika. Husubiri jua la jioni liyawashe magenge mekundu, hupiga picha, kisha hurejea Malindi. Ni wachache wanaoelezwa kwamba mashariki mwa bonde hilo, katika eneo hilo hilo la Magarini, mbele ya mashamba ya chumvi ya Gongoni na Ngomeni, kuna mahali baharini ambapo setilaiti tisa zilirushwa kati ya mwaka 1967 na 1988.

Majukwaa mawili ya chuma yalisimikwa huko na Waitaliano katika miaka ya sitini chini ya uongozi wa Profesa Luigi Broglio. Moja, San Marco, lilikuwa la kurushia roketi. La pili, Santa Rita, la kuiongoza kazi hiyo kwa umbali ulio salama. Setilaiti inayokumbukwa zaidi iliondoka tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru. Ikaitwa Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutumwa kwa kazi moja tu ya kuchunguza miali ya eksirei itokayo angani, na mwanasayansi aliyeongoza utafiti wake, Riccardo Giacconi, alikuja kutunukiwa Tuzo ya Nobeli mwaka 2002.

Habari ya setilaiti hiyo imeandikwa mara nyingi. Isiyosimuliwa sana ni ya roketi iliyoibeba. Iliitwa Scout, nayo ilikuwa, kwa kweli, seti ya vipande vilivyokwisha kutengenezwa kwa kazi nyingine, vikaunganishwa, na baadaye vikabadilishwa kimoja kimoja kwa zaidi ya miaka thelathini. Mtoto anayeunda roketi ya kuchezea kwa bomba la karatasi hufanya kazi ya aina iyo hiyo, na hukutana na matatizo yaleyale.

Mwishoni mwa miaka ya hamsini, shirika la NASA la Marekani lilitaka roketi ndogo isiyo ghali. Badala ya kubuni injini mpya, wahandisi walitazama ghalani. Kipande cha chini, Algol, kilitokana na injini ya majaribio ya kombora la Polaris la jeshi la majini. Cha pili, Castor, kilitokana na kombora la Sergeant la jeshi la nchi kavu. Cha juu kabisa, Altair, kilikuwa kimetengenezwa kwa ajili ya roketi ya Vanguard, na cha tatu, Antares, kilikuwa ndugu yake mkubwa. Vyote vinne vilitumia fueli ngumu, iliyomiminwa ndani ya bomba ikagandia humo. Fueli ya namna hiyo haihitaji pampu wala mabomba ya kupitishia mafuta; ila ikishawashwa, huwezi kuizima.

Ukivipandisha vipande hivyo kimoja juu ya kingine, unapata mnara wa takriban mita 23. Kule San Marco roketi iliunganishwa ikiwa imelazwa, kisha ikainuliwa. Kipande cha chini kilipomaliza fueli kiliachwa kianguke baharini, na cha juu yake kikawaka. Kile cha nne hakikuwa na usukani wowote. Kabla hakijawashwa, kilizungushwa kwa kasi kama pia ya mtoto, na mzunguko huo ndio uliokifanya kishike njia iliyonyoka.

Mahali penyewe palichaguliwa kwa hesabu. Ngomeni iko karibu digrii tatu tu kusini mwa ikweta, ambako dunia huzunguka kuelekea mashariki kwa mwendo wa takriban kilomita 1,670 kwa saa. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki huondoka na mwendo huo mfukoni, bila malipo, na mbele yake hakuna kijiji bali Bahari ya Hindi. Aidha, setilaiti inayozunguka juu ya ikweta hukwepa kwa kiasi kikubwa eneo la mionzi lililo juu ya Atlantiki ya Kusini, mionzi ambayo ingevivuruga vipimo vya Uhuru.

Je, kuunganisha vipande vya watu wengine ni kazi rahisi? Historia ya Scout inajibu. Mwezi Julai 1963, mojawapo iliyorushwa kutoka Wallops, jimbo la Virginia, ilitobolewa na moto mkiani sekunde chache tu baada ya kuondoka, ikayumba huku na huko na kuvunjika. Haikuwa ya kwanza kuharibika. Wachunguzi waligundua kwamba kila kituo kilikuwa na desturi zake za kuitayarisha, hivi kwamba hakuna Scout mbili zilizofanana kikamilifu. Roketi zilizokuwa zikisubiri zilirudishwa kiwandani zikakaguliwa upya, na tangu hapo kila kipande kikafuata utaratibu mmoja ulioandikwa. Waitaliano waliokuja Ngomeni walijifunza kazi kwa utaratibu huo. Kikosi chao ndicho kilichoirusha San Marco ya kwanza kutoka Wallops mwezi Desemba 1964, na San Marco ya pili kutoka pwani yetu tarehe 26 Aprili 1967.

Baada ya hapo mabadiliko yalikuja polepole. Algol ikabadilishwa kwa Algol kubwa zaidi, Castor ikaboreshwa, vivyo hivyo Antares na Altair. Scout ya kwanza iliweza kubeba takriban kilo 59. Ya mwisho ilibeba zaidi ya kilo 200. Hadi ilipostaafishwa mwezi Mei 1994, ilikuwa imerushwa mara 118.

Kila badiliko lilikuwa na gharama yake. Injini nzito ikiwekwa chini, uzito wa roketi nzima huhamia mkiani, na hapo ndipo hatari ilipo. Roketi ina vitovu viwili vya kuzingatiwa. Kimoja ni kitovu cha uzito, yaani pale unapoweza kuilaza juu ya kidole ikasawazika. Cha pili ni kitovu cha upepo, yaani pale ambapo msukumo wote wa upepo wa ubavuni hukusanyika. Mapezi ya mkiani ndiyo yanayokivuta nyuma. Kitovu cha uzito kikiwa mbele ya kile cha upepo, roketi inayoyumba hurudishwa njiani na upepo wenyewe, kama mshale. Kikiwa nyuma, upepo huigeuza, nayo hurudi kumtafuta aliyeirusha.

Katika nchi kama Marekani, kanuni hii hufundishwa kwa seti zinazouzwa madukani: bomba la karatasi, pua ya plastiki, mapezi ya mbao nyepesi, mwavuli mdogo wa kuirejesha chini, na injini iliyotengenezwa tayari kiwandani. Injini hizo hupangwa kwa herufi A, B, C na kuendelea, na kila herufi ina hadi nguvu maradufu ya ile iliyoitangulia. Wengi huharibu hapo. Kijana hununua seti ya injini ya B, akatia ya C iliyo nzito zaidi bila kuongeza uzito puani, kisha akashangaa roketi ikipiga kichwa-ngomba juu ya paa la jirani.

Hapa Kenya seti za namna hiyo si jambo la kuagiza kiholela. Injini zina baruti, na baruti huingizwa na kuhifadhiwa kwa leseni chini ya Sheria ya Vilipukaji. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, Juja, wameunda roketi zao katika mradi uitwao Nakuja, lakini hao wanafanya kazi chini ya chuo. Mwanafunzi wa sekondari pale Marafa asithubutu kuchanganya fueli nyumbani. Watu wamepoteza vidole na macho kwa kudhani kwamba chupa ndogo haina madhara.

Yako maji, hata hivyo. Chupa ya plastiki ya soda ya lita mbili, ikijazwa maji hadi theluthi moja, ikazibwa kwa koki iliyotobolewa na kutiwa vali ya baiskeli, ni roketi kamili. Ipindue mdomo ukiwa chini juu ya kishikizo imara, kisha pampu hewa ukiwa mbali kwa mpira mrefu. Hewa ikizidi nguvu ya koki, maji hutoka chini kwa kasi na chupa hupaa juu. Koki ndiyo kinga yako, kwa kuwa hufunguka kabla chupa haijapasuka. Usiifunge kwa waya. Usitumie chupa ya kioo wala bomba la chuma, na usiinamie chupa iliyokwisha kutiwa hewa.

Ya kwanza niliyoijaribu sikuitia mapezi wala uzito, kwa kuwa niliona haraka. Ilipanda hadi kimo cha mnazi mdogo, ikapinduka, ikaja kutuangukia miguuni. Ya pili niliibandika mapezi matatu ya plastiki mkiani na donge la udongo puani, nayo ikaenda moja kwa moja. Kabla ya kuirusha, ifunge kamba kwenye kitovu cha uzito, ikiwa haina maji, uizungushe kichwani kama teo. Ikielekeza pua mbele katika mzunguko, iko tayari. Ikizunguka ubavu au mkia mbele, ongeza udongo au panua mapezi. Ukitaka kuirefusha kwa kubandika chupa ya pili juu yake, anza kipimo upya, kwa kuwa hiyo si roketi ile tena.

Uwanja wa shule unatosha. Ukingo wa Nyari haufai: magenge yake ni ya mchanga yanayomomonyolewa kila mvua, na chupa ikitumbukia bondeni kuna atakayeshawishika kuifuata.

Setilaiti ya mwisho kuondoka Ngomeni ilirushwa tarehe 25 Machi 1988. Taifa-1 ya Kenya, iliyotumwa angani mwezi Aprili 2023, ilibebwa na roketi ya Falcon 9 kutoka California. Shirika la Anga la Kenya lipo tangu mwaka 2017, na mkataba mpya na Italia kuhusu kituo cha Malindi, uliotiwa saini mwaka 2016, umezungumzia mafunzo kwa Wakenya. Kwa maoni yangu, mafunzo hayo yangeanzia katika shule za Magarini zilizo jirani na majukwaa, na gharama ya kuanza ni chupa tupu, pampu ya baiskeli, kamba, na daftari la kuandikia kila badiliko pamoja na kimo kilichofikiwa, badiliko moja kwa kila mrusho.