Mawe na Maziwa ya Singida: Utalii Unaohitaji Mwelezaji

Msafiri wa basi la Dodoma kwenda Mwanza huiona Singida kupitia dirisha: mawe makubwa yaliyobebana, ziwa linalong'aa kando ya mji, kisha safari inaendelea. Anayetaka fukwe hufikiria Zanzibar kwanza. Zanzibar inastahili wageni wake, lakini Singida nayo ina mandhari ya kumkalisha mtu siku mbili, mradi awepo wa kumweleza anachokiona.

Tuanze na mawe, ambayo hata mkazi wa Unyambwa, kata iliyomo ndani ya Manispaa ya Singida, ameyazoea kiasi cha kutoyatazama tena. Ni graniti, sehemu ya mwamba wa kale uliobeba katikati ya Tanzania, wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Graniti hii ilipoa na kuganda chini sana ya ardhi, kisha ikapata nyufa. Maji ya mvua yalipenya nyufa hizo na kuulainisha mwamba taratibu. Kona ndizo zilizolika mapema, kwa kuwa hushambuliwa pande mbili au tatu kwa mpigo. Ndiyo maana vipande vyenye pembe vilikuwa vimeshaviringika vikiwa bado vimefukiwa. Udongo ulipochukuliwa na mmomonyoko, mawe yakabaki juu, mengine yameegemea wenzake mithili ya mtu aliyeyapanga.

Sogea karibu na jiwe lililovunjika upya. Punje za kijivu zinazometa ni kwatzi, zile nyeupe au za waridi ni felspa, na vipande vyeusi vinavyobanduka kwa ukucha ni mika. Kwatzi haiozi upesi, hivyo huishia kuwa mchanga. Felspa huoza ikawa udongo wa mfinyanzi, na inapooza huachia chumvichumvi zinazobebwa na maji hadi mabondeni.

Hapo ndipo mawe yanapokutana na maziwa. Singidani na Kindai, maziwa mawili yanayopakana na mji, hayana mto wa kuyatoa maji. Maji huingia wakati wa masika na hutoka kwa kuvukizwa na jua na upepo tu, chumvi zikibaki nyuma. Mwaka baada ya mwaka maji huwa ya magadi, na kina chake hupanda na kushuka kufuata mvua. Viumbe wengi hawawezi kuyavumilia, ila wanaoweza hustawi. Mmoja ni perege wa maji ya magadi, samaki ambaye kwa asili hapatikani nje ya Tanzania. Mwingine ni mwani mdogo sana wa rangi ya kijani, chakula kikuu cha heroe wadogo, ambao wengi huwaita flamingo.

Heroe hula kichwa kikiwa kimepinduliwa. Ulimi husukuma maji ndani na nje ya mdomo mara kadhaa kwa sekunde, na vinyweleo vya ndani huchuja mwani. Rangi yao ya waridi hutokana na chakula hicho. Makinda huwa ya kijivu. Ukiona mdomo mwekundu uliokolea unaoelekea weusi, huyo ni heroe mdogo. Mdomo wa waridi wenye ncha nyeusi ni wa heroe mkubwa, anayetafuta wadudu na vijidudu matopeni. Hawakai mwaka mzima: hufuata mwani kutoka ziwa moja hadi jingine, na heroe wadogo wa Afrika Mashariki huenda kuzaliana hasa Ziwa Natron.

Mgeni aje asubuhi, kabla upepo wa Singida haujachafua maji, akiwa na darubini. Heroe wakiinua shingo na kuanza kutembea kwa pamoja, ameshasogea mno. Arudi nyuma, kwani kila wanaporushwa hupoteza muda wa kula na nguvu zao.

Mnyororo huu wa mawe, ziwa na ndege una sehemu inayokatika kwa urahisi. Bonde lisilo na mlango wa kutokea halijisafishi: udongo wa shamba lililolimwa kuelekea ziwani, taka na maji machafu ya mjini, vyote hubaki humo humo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuleta madhara ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kuheshimu mita hizo ndiyo kazi ya kwanza ya utalii hapa, kabla ya kuzungumzia hoteli.

Kazi ya pili ni kuwafundisha vijana wa Unyambwa na kata jirani kuyaeleza haya kwa Kiswahili na Kinyaturu, na kuweka njia fupi zenye vibao vinavyosomeka. Mgeni akimaliza matembezi, kuku wa kienyeji na mafuta ya alizeti ya Singida vinamsubiri, na fedha yake inabaki mikononi mwa wenyeji. Wageni wa mwanzo wawe wanafunzi wa shule za Singida. Wakishajua kwamba jiwe la nyumbani kwao ndilo linalotia ziwa magadi, na magadi ndiyo yanayomlisha heroe, watakuwa walinzi wa ziwa hilo kwa miaka mingi ijayo.