Barua iliyotangulia kura

JUMAPILI ya Machi 8, 1992, makanisa Katoliki nchini Malawi yalisomewa barua ya kichungaji ya maaskofu wao. Haikuagiza mtu apige kura vipi, maana hata kura yenyewe haikuwapo. Ilizungumzia mishahara midogo, madarasa yaliyojaa kupita kiasi, huduma duni za hospitali na hofu ya kusema ukweli. Serikali ya Dk. Kamuzu Banda ikasema kukutwa na barua hiyo ni uchochezi. Sisi tuliokuwa tukisoma uhamishoni Tanzania tuliwasikia wazazi wakiizungumzia kwa kunong'ona, kana kwamba makachero wa Banda wako dirishani.

Miezi 15 baadaye, Juni 14, 1993, wananchi waliulizwa: chama kimoja au vingi? Jogoo alikuwa alama ya chama kimoja, taa ya vyama vingi. Taa ilipata karibu asilimia 64.

Hata hivyo, msomaji asidhani watu wa dini walikuwa kitu kimoja. Kanda ya Kati, yenye Lilongwe na Dowa, ilimpa jogoo kura nyingi. Huku ndiko nyumbani kwa Banda, na Sinodi ya Nkhoma ya CCAP ilikuwa karibu naye kuliko zile za Livingstonia na Blantyre. Na Dowa hiyohiyo ndiko iliko Dzaleka, enzi hizo gereza la wapinzani wa serikali, na tangu 1994 kambi ya wakimbizi.

Siku hizi sokoni Dzaleka Kiswahili kimetawala, na Wakongo na Warundi huniuliza: mchungaji akisema kataa, waumini hukataa kweli?

Huwa nawaelekeza Kenya. Kabla ya kura ya maoni ya Agosti 4, 2010, viongozi wengi wa makanisa walihubiri "Hapana" kwa sababu ya kifungu kinachogusa utoaji mimba na mahakama za kadhi. "Ndiyo" ikashinda kwa takriban theluthi mbili. Waumini hawakuwa wamepoteza imani, nijuavyo mimi. Walikuwa wametoka kwenye damu ya uchaguzi wa 2007, wakitaka madaraka ya rais yapunguzwe. Kadhi naye alikuwamo kwenye Katiba tangu uhuru, 1963. Wa Mombasa hawakumwona mgeni.

Maaskofu wa Malawi walisema njaa ambayo msikilizaji alikuja nayo kanisani. Wenzao wa Kenya walimletea hofu ambayo wengi hawakuwa nayo.