KAZI YA LIKIZO YA MWANAFUNZI WA KATUNI

Kaeni vizuri, na kila mtu awe na daftari na penseli. Leo tutasoma kidogo na kufanya hesabu kidogo, juu ya jambo linalowasumbua wazazi wengine hapa Babati.

Kijana amerudi kutoka chuoni mwezi wa Julai. Likizo ni ndefu, hata Oktoba. Mbaazi zinakauka shambani zikingoja kuvunwa, naye ameketi dirishani anachora mpira. Kesho yake anachora mpira uleule. Baba aliyeuza ndama ili alipe ada anauliza: "Je, hii ndiyo elimu niliyoilipia?" Swali hilo ni la haki, nalo lataka jibu.

Kijana huyo anajifunza kutengeneza picha za kuchorwa zinazotembea, zile tuziitazo katuni katika televisheni. Wataalamu wa lugha huiita kazi hiyo uhuishaji, yaani kukipa kitu uhai. Ni neno zuri, lakini sokoni utasikia katuni tu. Kwa kweli hakuna picha inayotembea. Ziko picha nyingi zilizotulia, kila moja imetofautiana kidogo na iliyotangulia, nazo hupitishwa upesi hata jicho likadhani ni kitu kimoja kinachokwenda. Sinema hupitisha picha 24 katika sekunde moja. Mara nyingi mchoraji huchora 12, na kila moja huonyeshwa mara mbili.

Sasa andikeni hesabu. Mwalimu ametaka filamu ya sekunde 10. Mara 12, ni picha 120. Kila picha ikichukua dakika 10, hizo ni dakika 1,200, yaani saa 20. Hapo hajapaka rangi wala hajasahihisha. Basi msishangae mkiambiwa kwamba kazi ya majuma mengi huonekana kwa muda mfupi kuliko wa kufunga kamba za viatu.

Kwa nini mpira? Kwa sababu karatasi haina uzito, na mwanafunzi hana budi kuutia. Mpira uliorushwa hukawia kidogo ukifika juu, na hukimbia ukikaribia ardhi. Kwa hiyo picha za juu huchorwa zikikaribiana, na za chini zikiachana. Ukigonga ardhi hubonyea kidogo. Picha zikiachana kwa nafasi sawasawa, mpira utaonekana kama unavutwa kwa kamba. Mpira ukishakubali, hufuata mtu atembeaye: hatua mbili katika sekunde moja, picha 12, ambazo huweza kurudiwa tena na tena mpaka mtu huyo afike aendako.

Na dirisha je? Mwanga ukipita katika kioo, karatasi ya chini huonekana kupitia ya juu, na mchoraji huona picha ya jana alipoiacha. Vyuoni hutumia meza yenye taa ndani yake, au kompyuta. Nyumbani dirisha latosha, maadamu jua halijatua.

Tena wanafunzi hawa hupaswa kuwa na daftari la kutazama, na hapo ndipo mzazi na kijana waweza kupatana. Ataichora namna kiboko anavyozama katika Ziwa Babati, na namna mama anavyojitwisha ndoo. Mwiteni aje shambani. Apige mbaazi asubuhi pamoja na wenziwe, kisha atazame: fimbo hupanda polepole, hukaa kidogo juu, hushuka ghafula. Ni somo lilelile la mpira. Alasiri mwacheni achore. Lakini ombeni kuliona daftari kila Jumamosi. Kijana akisema anachora, na kurasa haziongezeki, basi anacheza na simu.

Kazi hii ipo Afrika Mashariki. Huko Dar es Salaam, shirika la Ubongo lilianza mwaka 2014 kuonyesha Ubongo Kids katika televisheni, likiwafundisha watoto hesabu na sayansi kwa katuni. Baadaye likaleta Akili and Me kwa watoto wadogo. Pengine mjukuu wako amejifunza humo kuhesabu. Huko Nairobi zilitengenezwa Tinga Tinga Tales, zilizotoka mwaka 2010, kwa mtindo wa Edward Saidi Tingatinga, mchoraji wa kwetu aliyefariki mwaka 1972. Na kule Niger, Moustapha Alassane, aliyekuwa fundi wa mitambo, alitengeneza katuni ya vyura mwaka 1966. Hata hivyo sitawadanganya: nafasi za kazi hii ni chache, na anayeajiriwa huombwa kwanza aonyeshe alichokitengeneza. Kazi ya likizo ni sehemu ya hicho atakachokionyesha.

Sasa zoezi. Chukua daftari jipya. Katika pembe ya chini ya ukurasa wa mwisho, chora duara dogo. Katika ukurasa uliotangulia, lichore tena, limepanda kidogo. Endelea hivyo kurasa 12, ukilipandisha kisha ukilishusha. Shika pembe kwa kidole gumba, uziachie kurasa haraka kuanzia nyuma, na utazame.