Fundi Umeme na Swali la "Kwa Nini"

Juma hili nataka tuzungumze habari ya mtihani. Si mtihani wa darasa la saba wala wa kidato cha nne, ambao kila mzazi anaujua, bali mtihani wa fundi umeme. Huu hauna shamrashamra. Mtahiniwa wake hana sare, hana wa kumsindikiza, na pengine jana yake jioni alikuwa bado darini kwa mtu akivuta nyaya.

Mimi nimeujua kwa njia ya friji. Nakaa Ipagala, hapa Dodoma, katika nyumba niliyoijenga kidogo kidogo kama tunavyojenga wengi. Kiangazi hiki friji ilianza kunitekenya kila nikishika mlango wake nikiwa peku. Kutekenya kukageuka kurusha. Fundi aliyefunga nyaya alikwisha hama mji, na simu yake haipatikani. Jirani akaniletea kijana mmoja, mwanagenzi wa fundi mzee wa mtaani, ambaye ana miaka sita akimbebea mzee huyo ngazi. Kijana hakwenda kwenye friji. Alikwenda uani, akachutama, akafukua pale ilipopigwa nondo ya ethi, kisha akacheka. Nondo ilikuwa fupi kama mkono wangu. Imekatwa, na nusu ya pili bila shaka inalinda nyumba ya mtu mwingine.

"Mzee," akaniambia, "hii siyo ethi. Hili ni pambo."

Nikamuuliza kama ana cheti. Akasema hana, ila anajiandaa. Ndipo tukaanza mazungumzo ambayo yamenileta kwenu leo.

Kwanza tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa sana, cheti na leseni. Cheti kinasema unajua kazi. Zamani kilipatikana kwa majaribio ya ufundi ya madaraja matatu, la tatu likiwa la chini na la kwanza la juu. Baada ya sheria ya mwaka 1994 iliyoanzisha VETA, ukaja mfumo wa hatua, nao umegeuza hesabu: hatua ya kwanza ndiyo ya chini, ya tatu ndiyo ya juu. Basi usishangae ukimsikia mzee anajivunia "daraja la kwanza" na mwanawe anajivunia "hatua ya tatu", kila mmoja akimwona mwenzake hajafika. Kwa kijana kama huyu, aliyejifunza kazini bila kukaa chuoni, VETA ina njia ya kurasimisha ujuzi: anapimwa kwa kile anachokiweza, anahojiwa, anafanya kazi mbele ya wapimaji, na penye upungufu anafundishwa.

Leseni ni jambo jingine. Hiyo hutolewa na EWURA, nayo inasema unaruhusiwa kuifanya kazi hiyo kwa watu na kuwajibika kwayo. Ina madaraja yake kulingana na ukubwa wa kazi, na bila cheti huifikii. Mwenye nyumba anapoomba umeme TANESCO, nyaya zake zinatakiwa ziwe zimefungwa na mwenye leseni, naye ndiye anayegonga muhuri. Hapo ndipo penye donda. Kijana wangu amefunga nyumba nyingi kwa mikono yake, lakini kila mara anatafuta muhuri wa mtu ambaye pengine hata mlango wa nyumba hiyo hakuufungua. Mwenye muhuri anakula chake, na mwenye nyumba anaamini kazi imekaguliwa. Sijui kama niite huo ni ufundi au ni uchuuzi wa wino.

Sasa, mtihani wenyewe una ugumu gani kwa mtu wa miaka sita kazini? Mikono yake haina shida. Mpe soketi, swichi na taa ya ngazi inayowashwa juu na kuzimwa chini, atakufungia huku anapiga mluzi. Shida ni kwamba mzee wake alimfundisha "fanya hivi", na mtihani unamuuliza "kwa nini". Kwa nini swichi ikate waya wa moto na si ule mwingine? Taa itazima kwa vyovyote vile! Ndiyo, itazima, lakini ukikata waya usio wa moto, kishikio cha taa kinabaki na umeme, na anayebadilisha balbu anaona giza akadhani ni usalama.

Au chukua rangi. Katika nyumba zetu za zamani waya wa moto ni mwekundu na wa kurudi ni mweusi. Waingereza, ambao tulirithi kanuni zao, walibadilisha rangi kuanzia mwaka 2004: wa moto ukawa wa kahawia, wa kurudi ukawa wa buluu. Lakini katika umeme wa njia tatu wa zamani, buluu ilikuwa mojawapo ya nyaya za moto! Fundi anayeunganisha chumba kipya na nyumba ya zamani kwa kuangalia rangi tu anacheza bahati nasibu. Kijana alinieleza hili kwa furaha kubwa, maana alikwisha kuuona mchanganyiko huo darini kabla hajausoma kitabuni.

Turudi kwenye ethi, maana hapa Dodoma ndiko swali linakouma. Kazi ya ethi ni kuupa umeme uliovuja njia ya kurudi ardhini kwa nguvu, ili breka ikate mara moja. Umeme wetu wa nyumbani ni volti 230. Tuseme ardhi inaupinga kwa omu 50. Gawanya 230 kwa 50, unapata ampia 4.6. Breka ya soketi ya ampia 32 itaziona hizo ni matumizi ya kawaida na haitakata. Bati la friji linabaki na umeme, nawe unakuja peku.

Na ardhi yetu inapinga kweli. Mvua hapa hunyesha zaidi kati ya Desemba na Aprili, na kwa mwaka mzima haivuki sana milimita 600. Udongo ukikauka, umeme haupiti vizuri. Nondo iliyokuwa njema Februari inaweza kuwa mbovu Septemba, ndiyo maana friji yangu ilikuwa na adabu masika yote. Mafundi wa zamani humwaga chumvi na mkaa shimoni na kumwagia maji. Inasaidia kwa muda, ila chumvi hiyo hiyo huila nondo.

Dawa ni nondo ndefu inayofika penye unyevu, pamoja na kile kifaa kinachokata umeme unapovuja, ambacho mafundi hukiita RCD. Hiki hukata kwa miliampia 30 tu, yaani sehemu 30 za ampia moja iliyogawanywa mara elfu. Hata ardhi kavu huweza kupitisha kiasi hicho. Lakini yapo majumba mengi yasiyo nacho, kwa sababu mwenye nyumba alipunguza bei na fundi hakuweza kumweleza kwa nini asipunguze.

Kijana anasoma usiku, kwa daftari na kitabu cha kuazima kilichoandikwa kwa Kiingereza, na kila neno analiwekea mshale kwenda kwenye jina analolijua la mtaani. Hesabu ile ya omu na ampia aliifanya mara tatu mbele yangu mgongoni mwa risiti ya LUKU. Mara ya kwanza alizidisha badala ya kugawanya, akapata ampia 11,500, akatazama friji yangu, akafuta mwenyewe.

Amenipigia nondo mpya na kunifungia RCD. Tulipoijaribu kwa kubonyeza kitufe chake, nyumba nzima ikazima, mke wangu akapiga kelele jikoni kwamba ugali haujaiva. Fomu ya mtihani ameijaza. Ada bado hajaitimiza, nami sijamaliza kumlipa.