Redio ya Vali na Redio ya Transista: Ipi Itufae?



Labda umewahi kuona kwa mzee fulani redio kubwa ya sanduku la mbao. Ukiiwasha haisemi mara moja. Ndani yake vitu kama taa ndogo vinawaka vyekundu, ndipo sauti inakuja, nzito na laini. Wazee husema, "Redio za siku hizi hazina sauti kama ile." Je, ni kweli? Na mtu akitaka kukuuzia mashine kama hiyo, ununue?

Kukuza sauti ni nini?

Umeme wa sauti unaofika katika redio ni mdogo sana. Hauwezi kusukuma spika. Lazima ukuzwe.

Tufikiri jaruba la mpunga. Mkulima akikata tuta kidogo kwa jembe, maji mengi yanapita. Akiziba, yanasimama. Nguvu ndogo ya mkono inaongoza nguvu kubwa ya maji. Basi, umeme mdogo wa sauti nao unaongoza umeme mkubwa wa betri au wa waya.

Vali na transista

Vali ni chupa ya kioo isiyo na hewa. Ndani yake mna sehemu inayopashwa moto ili umeme uruke kwenda upande wa pili. Katikati pana wavu mdogo, nao ndio mlango wetu wa maji. Transista ilibuniwa Marekani mwaka 1947. Hufanya kazi ile ile, lakini ni kipande kidogo kigumu, hakihitaji kupashwa moto.

Vali moja ya kukuza sauti, aina ya EL84, hula karibu wati 5 kwa kujipasha moto tu. Redio ndogo ya transista, kwa sauti ya kawaida, haili hata wati 1.

Zamani za misafara, karibu mizigo yote kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji ilibebwa na wapagazi. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, lakini vijiji vingi vilibaki bila umeme. Redio nyepesi ya betri ilifika huko. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walijifunza kwa vikundi vya kusikiliza redio.

Na utamu wa sauti?

Mzee hakosei. Vali ikizidiwa, sauti huharibika polepole. Transista ikizidiwa, hukwaruza. Lakini kwa sauti ya kiasi, transista iliyotengenezwa vizuri hukuza sauti bila kuibadilisha. Tena utamu ule mwingi hutoka kwenye spika kubwa na sanduku la mbao.

Hatari

Redio nyingi za vali za umeme wa waya zina volti 200 na zaidi ndani. Umeme huo unaweza kubaki hata baada ya kuchomoa waya. Unaua. Usifungue mwenyewe, wala usiwaache watoto wachokoe.

Shauri letu

Kama unatumia betri au sola ndogo, nunua ya transista. Kama una umeme wa waya, uliza kwanza: vali za akiba zipo? Fundi anayezijua yupo? Kama hakuna, weka fedha yako.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini redio ya vali huchelewa kusema?
2. Nyumbani kwako umeme unatoka wapi? Utachagua redio ipi?
3. Kwa nini ni hatari kufungua redio ya vali iliyozimwa?